Mufupi Mbele, Murefu Nyuma

Baba Baluku,

Nimenawa mikono mara tatu kwa sabuni ya mche na bado inanuka breki. Pembeni mwa karatasi hii utaona alama nyeusi ya kidole gumba. Usiniulize ni ya nini, wewe ndiye uliyenichafulia mashuka kwa alama kama hiyo miaka thelathini na tano. Leo nimefungua tamburi zote mbili za nyuma za gari letu, yale masufuria yako ya chuma yanayofunika breki. Peke yangu, mchana kweupe, majirani wakichungulia juu ya ua. Kaa chini huko uliko nikueleze, maana hii si habari ya kusikiliza ukiwa wima.

Kwanza nikupe habari za nyumbani, usije ukasema nimeanza na mafuta kabla ya salamu. Ni miezi minane tangu tukulaze pale juu ya shamba. Mibuni iliyo karibu na kaburi lako imezaa kuliko mingine yote, na sijui niseme nini juu ya hilo. Bati la karakana lilianza kuvuja, nimeliziba. Kuku wa jirani aligundua sanduku lako la spana akataga humo mayai manne kabla sijamfukuza. Mayai tulikula, spana nimezifuta moja moja. Mwanao Baluku ndiye anayeendesha gari sasa. Siku za soko anapeleka nyanya Kasese, siku nyingine anatubeba sisi na wajukuu, kama ulivyokuwa ukifanya wewe, ila yeye anaimba vibaya zaidi akiwa kwenye usukani.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu ndicho tulichooania. Mimi binti wa mchimba shaba kutoka Kenya, nimekulia kwenye nyumba za mgodi kule Kilembe, na wewe Mkonzo wa Bwera uliyevuka mpaka kijana ukajifunza ufundi upande wa Kongo, ukarudi na Kiswahili kilichojaa mutu na mutoto na iko, na njo mahali pa ndiyo. Siku ile ya kwanza ulikuwa umekumbatia kitabu cha magari cha Kifaransa ambacho hukuweza kukisoma, unatazama picha tu. Ukasema, "Hii ni kitabu yangu." Nikakwambia, "Kitabu changu." Ulinitazama kutoka huko juu ulikokuwa na urefu wako, ukasema, "Sawa, Mufupi." Jina likabaki. Hata makasisi walilijua.

Kile kitabu kililiwa na panya mwaka ule tulipohamia nyumba hii. Hukusikitika hata. Ulisema huna haja nacho, kwa sababu kila gari linatembea na kitabu chake: breki za nyuma ziko mbili, moja kulia, nyingine kushoto, na zinafanana kama mtu na kioo. Ukipangua moja, nyingine unaiacha imekaa nzima. Ukisahau springi hii inaingia tundu gani, unaenda upande wa pili unasoma. "Pangua moja, ingine acha," ulikuwa ukisema. "Muwenzake njo kitabu yake." Na mimi, nikiwa nimekushikia tochi na sufuria ya maji ya sabuni, sikushindwa kukwambia, "Kitabu chake." Miaka yote hiyo. Hukuwahi kubadilika, wala mimi sikuchoka.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Wiki tatu zilizopita tulikuwa tunarudi kutoka Kasese, mvua ya kwanza ya msimu imeshanyesha, barabara inang'aa. Wajukuu walikuwa wanne nyuma, mimi mbele. Kwenye mteremko wa kushukia daraja la Nyamugasani, Baluku alikanyaga breki na gari likakwaruza huko nyuma, sauti mbaya, kama mtu anaburuta jembe juu ya sakafu. Halafu likavuta kushoto. Halikuuliza mtu, lilikwenda tu kushoto kuelekea mtaroni, na Baluku akapigana na usukani mpaka tukasimama gurudumu moja likiwa juu ya majani. Hakuna aliyeumia. Mbambu mdogo aliniuliza kama tumefika. Nilimwambia bado kidogo.

Basi unajua watu wa steji, pale magari yanapopakia, walivyo. Kabla sijashuka Bwera, habari ilikuwa imeshafika. Kila mmoja akawa fundi. "Inavuta kushoto, basi shida iko kushoto, mama. Ile ya kushoto haikufungwa muzuri." Fundi mmoja wa Kasese, kijana mwenye ovaroli safi mno, alizunguka gari mara moja tu, hakuvua hata gurudumu, akasema vilevile: kushoto. Halafu mmoja akasema lile neno. Akasema kwa upole, tena akiwa amevua kofia, "Ile ilikuwa kazi ya mwisho ya mzee. Tumusamehe, mikono yake ilikuwa imeisha."

Baluku hakubisha. Hilo ndilo lililoniuma. Tulipofika nyumbani alisema, "Maama, wacha tuseme ukweli. Mzee alikuwa mugonjwa. Gari hii tuiache ipumuzike, siku ya kipaimara tutakodisha ingine." Kipaimara cha Mbambu kule Kasese ni Jumapili hii, na ulijua tangu zamani kwamba siku hiyo wote tutakwenda na gari letu, ulimwahidi mtoto mwenyewe akiwa amekaa begani mwako. Nilimwambia Baluku, gari la baba yako litakwenda Kasese. Akanitazama kama mtu anayemtazama mjane anayeongea na picha.

Yeye hakujua nilichokuwa nakijua. Hakuna aliyejua ila mimi na wewe. Ile breki ya kushoto hukuifunga wewe. Niliifunga mimi.

Unaikumbuka siku ile? Asubuhi ulitoa tamburi ya kulia ukaanza kubadilisha viatu vya breki, na vidole vilikuwa vinakutoroka. Springi ilikuruka mara mbili, moja tukaitafuta kwenye majani ya viazi. Nilisema nikusaidie, ukanikaripia. Ilikuchukua mpaka saa sita mchana kazi ambayo zamani uliimaliza kabla chai haijapoa. Ulipomaliza ulikaa juu ya tairi, ukaweka mikono katikati ya magoti ili nisiione ikitetemeka, ukasema, "Ya kushoto, fanya weye."

Nikafikiri unatania. Miaka yote nilikuwa mtu wa kushika tochi. Lakini ulikuwa hucheki. Ukaanza kunipa maneno tu, moja moja, bila kugusa kitu: toa hii, shika ile, usivute, zungusha. Na ulinirudisha mara nyingi kwenye kile kitu kimoja. Ulisema viatu vya breki ni viwili ndani ya tamburi, vimetazamana, kimoja bitana yake fupi, kingine ndefu. Bitana ni lile tabaka gumu linalosugua chuma gari lisimame. Ile fupi inatazama mbele ya gari, ile ndefu inakaa nyuma. Watu wanazigeuza kwa sababu kwa macho zinakaribia kufanana. "Mufupi mbele, murefu nyuma," ukasema. "Kama siye tukienda kanisani."

Ni kweli, ndivyo tulivyokuwa tukienda. Njia ya kanisani ni nyembamba, haitoshi watu wawili, na mwaka ule tulipooana ulitangulia Jumapili ya kwanza, na kwa zile hatua zako ukafika kwenye kona bila kujua kuwa mke umemwacha kwenye migomba. Tangu siku hiyo ukaniweka mbele. "Nikienda mbele nitakuacha," ulisema. Watu walitucheka, mfupi anaongoza na mrefu anafuata na mwavuli. Mimi nilijiona malkia.

Basi siku ile ya breki nilifunga upande wangu, jasho likinitiririka hadi kwenye macho. Ukapitisha kidole kila mahali, ukasema, "Wasingya, Mufupi," na wewe kushukuru kwa Kikonzo ilikuwa ni kwa mambo makubwa tu. Moyo wangu ukawa mkubwa kama nyumba. Halafu ukaharibu. Ukasema, "Ile yako usiipangue tena." Nilikasirika, Baba Baluku. Nilisikia umesema sina mikono ya kurudia kazi ile, kwamba imetokea kwa bahati na nisijaribu bahati mara ya pili. Uliendelea kusema kitu lakini mimi nilikuwa nimeshaingia jikoni kumenya matoke kwa hasira. Wiki iliyofuata ukalala kitandani, na mambo ya breki tukayasahau.

Kwa hiyo utaelewa nilivyolala wiki hizi tatu. Steji nzima inasema kushoto. Kushoto ni mimi. Nilikuwa karibu niwatie wajukuu wako mtaroni kwa mikono hii, na lawama unabeba wewe uliye kaburini, na watu wanakusamehe kosa ambalo si lako. Nilitaka kwenda steji niseme. Kisha nikajiambia, utasema nini wakati hujafungua? Wewe hukuwahi kumwambia mteja ugonjwa wa gari kabla hujaona kwa macho.

Leo Alhamisi, Baluku alipanda boda kwenda Kasenyi kutafuta samaki wa Jumapili. Mlio wa boda ulipopotea tu, nilivaa ovaroli yako. Nimeikunja miguu mara nne. Usicheke.

Nikafanya yote kama ulivyokuwa ukifanya. Gari kwenye ile sakafu ya simenti uliyoimwaga ili jeki isizame. Mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Nati nikazilegeza gari likiwa bado chini, nikisimama juu ya mpini wa spana kwa uzito wangu wote, ambao wewe ulikuwa ukiusema vibaya lakini leo umefaa. Nikainua, nikaweka magogo chini, nikavua gurudumu. Kisha nikaanza kugonga tamburi itoke. Nikagonga. Nikagonga tena. Haikutikisika. Nikaiwekea bolti mbili kwenye yale matundu yake ili ziisukume nje, nikazikaza zamu kwa zamu, bado imeng'ang'ana kama imezaliwa pale. Mke wa jirani akaniuliza juu ya ua kama amwite mumewe. Nikamwambia hapana, nyumba hii haijawahi kuita fundi. Ndipo nikakumbuka. Nikafungua mlango wa dereva, na breki ya mkono ilikuwa imevutwa hadi mbinguni. Ulishawafukuza wanafunzi wawili kwa kosa hilo hilo. Niliishusha kimya kimya, nikarudi, na tamburi ikatoka kwa kugusa. Nimekwambia wewe tu, na jirani hakuelewa.

Nilianza na upande wa kulia, wa kwako. Si kwa sababu niliudhania mbaya. Nilitaka kuusoma kwanza. Nilijiambia, nitaona kazi ya fundi ilivyokaa, niijaze kichwani, kisha niende kwangu nione nilipokosea. Vumbi sikulipuliza kwa mdomo, nililowesha kwa maji ya sabuni kama ulivyotaka siku zote, likatiririka jeusi. Nikapitisha kucha ndani ya tamburi kutafuta mikwaruzo. Nikafunua ile mipira ya silinda kuona kama mafuta ya breki yanavuja, pakavu. Nikanusa kama mafuta ya difu, ile gia ya katikati ya magurudumu ya nyuma, yamepita kwenye ekseli, maana yale yananuka mayai viza na pua yangu ya jikoni ilikuwa ikiyajua kabla yako. Hakuna kitu. Springi zote mahali pake.

Kisha nikatazama viatu. Ile ndefu ilikuwa mbele. Fupi ilikuwa nyuma.

Nilikaa chini pale pale. Jambo la kwanza nililofikiri si kwamba umekosea. Hapana, hilo halikunijia hata. Nilifikiri kwamba mimi ndiye niliyesikia vibaya. Kwamba ulisema mrefu mbele na mimi kwa masikio yangu nikageuza, na upande wangu wote ni kinyume. Kitabu kilikuwa mbele yangu, na kitabu kilisema mimi ni mwuaji. Nililia, Baba Baluku. Nililia nimekalia tairi lako na mwiko wa kusongea ugali mkononi, maana ndio niliokuja nao wa kusukumia springi.

Lakini machozi hayafungi gari. Nikainuka nikavua tamburi ya kushoto. Sikuipangua, nilivua kifuniko tu nitazame. Fupi mbele, ndefu nyuma. Nilivyoifunga ndivyo ilivyokuwa, na imelika sawasawa, juu mpaka chini, kama sabuni iliyotumiwa na mtu mpole. Nikarudi kulia. Ya kwako ile ndefu ilikuwa imeungua ukingoni, inang'aa kama kitako cha sufuria, na imelika upande mmoja. Nikaenda kushoto, nikarudi kulia. Nadhani nilizunguka gari mara saba, jirani akahesabu. Na mara ya saba nikakusikia, nakwambia kweli, nikasikia ile sauti yako ukimfokea mteja mmoja zamani aliyeleta pikapu inayovuta: "Gari inavuta upande yenye inashika. Upande yenye inavuta njo muzima."

Gari letu linavuta kushoto. Upande wa kushoto ndio mzima. Mzigo wote wa mteremko ule ulikuwa umeshikwa na upande wangu peke yake.

Na hapo, Baba Baluku, ndipo yale maneno mengine yakarudi, yale uliyokuwa ukiyasema mgongoni mwangu siku ile mimi nikienda jikoni na hasira zangu. Niliyasikia siku ile, ila niliyatupa pamoja na maganda ya matoke. Ulisema: "Ile yako usiipangue tena. Ya kulia utafungua mbele ya mvua, uangalie. Yako njo kitabu."

Ulijua. Au hukujua kwa hakika, lakini vidole vyako vilikwambia kwamba kuna kitu vimefanya ambacho kichwa hakikukiona, na mikono haikuwa na nguvu ya kufungua tena siku hiyo. Ukaniachia kazi ya kukuangalia. Na mimi nilidhani unanidharau. Zaidi ya miezi minane nimebeba lile neno kama jiwe kwenye kiatu, kumbe lilikuwa ndilo neno kubwa kuliko yote uliyowahi kuniambia, kubwa kuliko yale ya siku ya harusi, ambayo tena uliyasema vibaya. Fundi wa miaka arobaini alitazama kazi yake na kazi ya mkewe, akachagua kazi ya mkewe iwe kitabu.

Nina hasira kidogo bado. Ungeweza kunifuata jikoni. Ungeweza kusema, Mufupi, mikono imeniacha, njoo urudie. Lakini nakujua, na mimi pia ningeshindwa. Na mvua zilikuja nikiwa nimekaa na msiba, sikukumbuka kufungua ya kulia, kwa hiyo ile siku ya darajani tumegawana mimi na wewe nusu kwa nusu. Tuyaache.

Nikapangua upande wako. Nilivitoa viatu vyote viwili, nikahamisha ule mkono mdogo wa breki ya mkono kwenye kiatu kirefu ambako ndiko kwake, nikasugua kwa msasa pale palipong'aa, unene bado upo. Kila nilipokwama nilikwenda kushoto nikasoma. Springi ya juu inapita nyuma ya kijiti au mbele? Nenda kushoto. Ile nyota ya kurekebishia meno yake yanatazama wapi? Nenda kushoto. Nilikuwa najisoma mwenyewe, lakini kila niliposoma ilikuwa sauti yako. Nikarudisha tamburi zote mbili, nikarekebisha mpaka gurudumu likizunguka liseme kidogo tu, kama ulivyopenda. Nikakanyaga breki mara kumi gari likiwa juu, nikashusha, nikakaza nati kwa mtindo wa msalaba. Kisha nikapika.

Baluku alirudi na samaki, akaniona na ovaroli, akasimama getini na mtungo wa sato ukimning'inia mkononi. Nilimwambia yote. Kwamba kushoto ni kwangu, na kulia ni kwako, na kipi kilikuwa kimegeuzwa. Nilifikiria kukuficha, sitakudanganya. Lakini hukuwahi kumficha mteja jambo, na huyu ni mwanao. Alitaka kuona, nikamvulia tena ya kushoto. Akachuchumaa mbele ya kazi yangu, kofia mkononi, akatazama mpaka samaki wakaanza kuita nzi. Halafu akasema, "Basi mzee hakuharibu. Mzee aliacha kitabu." Na akaniuliza kama naweza kumfundisha. Nimemwambia nitamfundisha, ila mwiko wangu wa ugali hataugusa.

Jioni kabla jua halijazama tukaenda hadi kwenye mteremko ule, yeye kwenye usukani na mimi pembeni, hakuna mtoto ndani. Akakanyaga. Gari likasimama katikati ya njia yake, limenyooka kama rula, bila hata kunung'unika. Akalirudisha juu akajaribu tena, na tena, kama mtoto aliyepewa baiskeli. Tukiwa njiani kurudi alisimama steji kusudi, akateremsha kioo, akawaambia wale mafundi wote wa mdomo: "Breki ya kushoto iko ya Maama. Na njo ilituokoa." Walinitazama. Mimi nilitazama mbele, kidevu juu, na nikiri tu kwamba nilikuwa nimejaa fahari mpaka mkanda wa gari ukanibana. Yule aliyekusamehe alivua kofia tena.

Jumapili tutakwenda Kasese kwa gari lako, Mbambu katikati na gauni jeupe, na utatimiza ahadi yako kwa mikono ya watu wengine. Nakuahidi hivi: kabla ya kila mvua nitafungua ya kulia. Ya kushoto sitaipangua mpaka Baluku naye awe na upande wake wa kusoma. Na kuhusu kitabu yako, nimeamua kuacha kusahihisha. Umeona mwenyewe nimeiandika hivyo.

Kitu kimoja kimenibakia. Nilipokuwa nimekaa pale chini nikitazama upande wako kabla sijaupangua, ile ndefu mbele, fupi nyuma, kwanza niliona kosa langu, halafu la fundi mgonjwa. Baadaye, mikono ikiwa kwenye maji ya sabuni, niliona njia ya kanisani. Umetangulia, Baba Baluku. Wewe uliyesema ukienda mbele utaniacha. Breki nimeigeuza ikakaa sawa, lakini hiyo nyingine siwezi kuigeuza.

Basi nenda polepole na hizo hatua zako. Ukifika kwenye kona, simama ungoje. Mufupi iko nyuma, anakuja, lakini si wiki hii. Jumapili iko na safari ya Kasese.

Mke wako,
Mufupi